Zumari Lililonyamaza Kompyutani

Kila alasiri, akirudi kutoka chuo cha Kurani, Intisar alivua buibui lake, akalitundika msumarini, kisha akaenda kuosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mikono yenye mafuta ya viazi karai haikuruhusiwa kugusa kompyuta ya mjomba wake.

Mjomba Muhdhar alikuwa fundi wa redio na kompyuta. Mashine ile ya muziki ilikaa pembeni mwa sebule ya nyumba yao ya Kibokoni, naye aliitunza kama watu watunzavyo vyombo vya kauri vya harusi. Ukutani alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: "Kwanza weka nakala. Pili sasisha. Tatu jaribu. Karibu na siku ya kazi, usiguse."

"Jiko husafishwa kabla ya kupika," alipenda kusema. "Nani azoaye majivu chungu kikiwa motoni?"

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na programu ya kutengeneza sauti. Haikuwa na nyuzi, wala ngozi, wala tundu la kupulizia. Ilikuwa na vitufe vilivyochorwa kwenye kioo, na mtu akivizungusha kwa ustadi, kisha akabonyeza kinanda kidogo kilichochomekwa ubavuni, alipata sauti ya ala yoyote aliyoweza kuibuni. Kwa wiki mbili, saa moja kila siku, Intisar mwenye miaka kumi na mitatu alikuwa akitengeneza sauti ya zumari.

Na zumari hilo lilikuwa na kazi. Khale Shifa, mdogo wake mama, alikuwa anaolewa, na alitamani kuingia kwa zumari siku ya kupambwa. Lakini wapiga zumari ni wanaume, na ukumbi wa wanawake mwanamume hatii mguu. Kurekodi nako kusingefaa. Bibi harusi hatembei kwa saa, hutembea kwa haya: hatua moja, kisimamo, hatua nyingine. Lazima awepo mtu wa kupiga huku akimtazama miguu.

"Basi na litoke kompyutani," alisema Khale Shifa, na Intisar akalivalia njuga. Akatengeneza sauti, akatunga na wimbo wenyewe. Wa kuupiga ukumbini alikuwa Lamis, binti wa mama yake mkubwa, aliyekaa orofa ya juu. Lamis alikuwa na miaka kumi na minne na vidole vyepesi kama vya mtu asukaye ukili.

Jumanne, mashangazi na majirani walijaa sebuleni kuusikiliza. Lamis akapiga. Zumari likalia hata Khale Shifa akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Mashallah! Nani aliyetunga haya?" akauliza jirani mmoja.

"Mimi," akajibu Lamis bila kupepesa. "Sauti na wimbo, vyote nimefanya mwenyewe."

Vigelegele vikapaa. Nana Mwanaesha, nyanya yao, akambusu Lamis kwenye paji la uso. Intisar alikuwa amesimama na sinia la kaimati.

"Lakini huo wimbo nili—"

"Intisar, mwanangu, lete birika la kahawa," akasema mama yake. "Wageni wanangoja."

Akaleta kahawa. Birika akalitua kwa nguvu hata vikombe vikagongana.

Wageni walipoondoka, alimdaka Lamis ngazini. "Wimbo ni wangu. Na sauti ni yangu."

"Ati yako! Una jina lako humo?" Lamis akacheka. "We ulikaa tu ukizungushazungusha vitufe kama mtu atafutaye stesheni. Vidole vilivyowaliza watu ni hivi hapa. Nenda kashtaki, tuone nani atakuamini."

Kuna kitu hakina meno, na humla anayekifuga. Kitu gani? Kinyongo. Usiku ule Intisar alikilisha kinyongo chake hadi kikashiba. Alimwona Lamis akizomewa na ukumbi mzima. Alimwona akilia, wanja ukimchirizika mashavuni. Kila alipoiona picha hiyo, kifua chake kililegea, akairudia tena kama mtu arambaye kijiko cha asali.

Asubuhi alikuwa na njia. Kwa muda wa wiki tatu kompyuta ilikuwa ikionyesha tangazo kwamba mfumo wake umepata toleo jipya. Mjomba Muhdhar alikataa kuligusa. Aliwaeleza wote wawili, Intisar na Lamis, kwamba programu ya sauti ilikuwa ya toleo la zamani. Mfumo ukisasishwa, programu haingefunguka mpaka nayo itafutiwe toleo jipya. "Tutasasisha Jumapili, harusi ikiisha," alisema, "na nakala za nyimbo zenu nitaziweka siku hiyo hiyo."

Kupambwa kulikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana Mjomba alikwenda kuswali, na wanawake walikuwa jikoni wakikunja sambusa. Shuleni ilikuwa likizo. Intisar akaketi mbele ya kompyuta. Hakuosha mikono. Akasogeza kishale hadi palipoandikwa "Sasisha sasa", akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi, kiduara kikaanza kuzunguka. "Zunguka," akanong'ona. "Zunguka, umzungushe na yeye."

Baada ya nusu saa mashine iliwaka upya. Akaufungua wimbo katika programu ya kurekodia, ambamo ile ya sauti huchomekwa, ili ahakikishe. Ngoma zilisikika, lakini mahali pa zumari palikuwa kimya. Programu ya sauti ilikuwa na alama nyekundu ya msalaba. Intisar akatabasamu. Kompyuta ikamwuliza kama ahifadhi faili kabla ya kufunga, naye, kwa mazoea, akabonyeza "Hifadhi".

Alikuwa amefika mlangoni aliposita. Akarudi mbio, akafungua tena, akatafuta huku na huku. Vipimo vyote vya zumari, kila kitufe alichokizungusha kwa wiki mbili, vilikuwa vikikaa ndani ya faili lile. Alipolihifadhi bila programu ya sauti kuwapo, vikafutika. Na nakala haikuwapo. Alikusudia kumnyang'anya Lamis zumari la siku moja; amelizika lake mwenyewe.

"Potelea mbali," akajiambia. "Bora tukose sote."

Lamis alishuka kufanya mazoezi. Akabonyeza kinanda. Kimya. Akabonyeza tena.

"Intisar! Mbona halilii?"

"Waniuliza mimi?" Intisar aliegemea kizingiti, mikono kifuani. "Si umelitengeneza mwenyewe? Litengeneze tena."

"Wacha mzaha! Kesho ni kupambwa!"

"Vidole si hivyo hapo? Vitumie."

Lamis akaanza kulia, na Intisar akangojea ule utamu wa asali. Ulikuja kidogo. Khale Shifa naye alikuja, mikono imepakwa hina, ameinyanyua juu isiguse kitu. Hakugomba. Alikitazama kinanda, akasema polepole, "Basi. Nitaingia kimya kimya." Akarudi zake chumbani. Ule utamu ukageuka shubiri mdomoni.

Mjomba Muhdhar aliporudi, alimkuta Lamis kwenye kiti na ile alama nyekundu kwenye kioo.

"Nani aliyesasisha?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Sijui, Mjomba."

"Hujui, nawe ndiye uliyeketi hapa? Niliwaambia mara ngapi?"

"Wallahi si mimi! Nimeikuta hivi!"

"Usiape, Lamis! Mikono yako ndiyo niliyoikuta juu yake."

"Si mimi!" Lamis alimgeukia Nana, akamgeukia mama yake. "Mbona hakuna anayenisikiliza?"

Intisar alisimama kando. Mambo yalikuwa yamenyooka kuliko alivyopanga. Alihitaji kunyamaza tu. Lakini sauti ile ya mtu asemaye kweli akaambiwa anyamaze, yeye aliijua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya Jumanne, akiwa na sinia la kaimati mkononi.

"Ni mimi, Mjomba," akasema.

Wote wakageuka.

"Ni mimi niliyesasisha. Nilitaka Lamis aaibike ukumbini. Ameiba wimbo wangu na sauti yangu, na nilipotaka kusema niliambiwa nilete kahawa."

Mama yake Intisar akainamisha kichwa. Lamis akatazama sakafu.

Mjomba Muhdhar alivuta pumzi ndefu. "Hukumu baadaye. Kwanza tuokoe tutakachookoa." Aliunganisha kompyuta na mtandao wa simu yake, akatafuta toleo jipya la programu ya sauti. Saa mbili nzima walingoja. Adhana ya alasiri ilipokwisha, ile alama nyekundu ilitoweka na programu ikafunguka. Lakini zumari halikuwamo. Mlikuwa na mlio mmoja tu wa kuanzia, mkavu kama king'ora.

"Vyema," akasema Mjomba. "Wawili wadai kuwa waliitengeneza sauti. Lamis, wewe mkubwa, anza."

Lamis alizungusha kitufe kimoja, kikatoka kilio cha mbuzi aliyebanwa na mlango. Akazungusha kingine, ikawa pikipiki yenye mafua. Khale Shifa, mlangoni, alijizuia asicheke. Mwishowe Lamis aliondoa mkono.

"Siwezi," akasema. "Si mimi niliyeitengeneza. Mimi nilipiga tu. Wote walikuwa wakishangilia, nami… nikasema."

Nana Mwanaesha akagonga bakora yake sakafuni. "Sikizeni kitendawili. Nina mali, mwizi akiichukua hubaki mikono mitupu, nami ningali nayo."

"Kivuli?" akabahatisha Khale Shifa.

"Ni ujuzi," akasema Nana. "Intisar, inuka."

Intisar akaenda kuosha mikono, kisha akaketi. Alianza na milio miwili mikali kama msumeno, mmoja akaupandisha kidogo sana kuliko mwenzake, ili iwe kama wapiga zumari wawili wasioelewana. Ikawa kali mno. Akaipitisha kwenye kichujio. Kwenye programu ile mna kichujio, nacho ni kama kifumbu cha nazi: hupitisha tui na kubakiza machicha. Akatia kelele kidogo mwanzoni mwa kila noti, mfano wa pumzi ya mtu. Mara mbili alikosea. Mara moja alikata tamaa, akaweka kichwa juu ya meza.

"Hapo mwisho ilikuwa ikitetemeka," Lamis akasema kwa sauti ndogo nyuma yake. "Ukiishikilia, ilitetemeka."

Intisar hakumtazama. Lakini aliongeza mtetemo. Kabla ya maghribi, zumari likalia.

Mjomba akaweka nakala pale pale, moja kwenye diski ndogo, moja kwenye simu yake. Ndipo akatoa hukumu. Lamis angepiga, ila kabla ya kupiga angeshika kipaza sauti aseme ukweli mbele ya ukumbi mzima. Na Intisar, kwa mwezi mmoja, asingegusa kinanda. Angeshika kitambaa cha vumbi, na kila Jumapili angemsaidia Mjomba kuweka nakala na kusasisha mashine zote za dukani kwake.

"Lakini mimi ndiye niliyeibiwa!" Intisar akasema.

"Kwa kuibiwa, utapata jina lako. Kwa kuvunja, utapata kitambaa."

Jumamosi jioni, Intisar alipewa kazi ya kupanga viatu mlangoni pa ukumbi. Kutoka pale alimwona Lamis akishika kipaza sauti. "Wimbo huu, na sauti ya zumari mtakayoisikia, ni kazi ya Intisar. Nilisema ni yangu. Nilidanganya." Minong'ono ikazuka. Kisha Khale Shifa akaingia. Katikati ya ukumbi shela yake ilinasa kwenye kiti, akasimama, na Lamis akaishikilia noti ile ile, ikitetemeka, hata shela iliponasuliwa. Vigelegele vikaufunika ukumbi.

Nana alikuja akaketi karibu na viatu.

"Kisasi kilitaka Lamis alie," akasema. "Alilia. Ulipata nini?"

"Nilipoteza zumari langu."

"Na haki ilitaka ukweli usemwe. Umesemwa, na zumari lipo. Siku nyingine ukidhulumiwa, mjukuu wangu, useme. Ukiambiwa ulete kahawa, ilete, kisha useme tena. Nasi wakubwa tulikosea kwa kutokusikiliza. Moyo umetulia sasa?"

Intisar alifikiri kidogo. Hakutaka kudanganya. "Bado unaniwasha, Nana."

"Utawasha. Kidonda kinachopona huwasha." Nana akamshika mkono. "Usikikune."