Funza wa Tabia Hawakui

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu anakula kutwa, lakini mwili hauongezeki? Tabia wa Kaole aliyaona hayo kwa funza wake.

Tabia alikaa na mama mkwe wake, Bi Mwanahija. Alikuwa na kuku na vifaranga. Chakula cha dukani kilikuwa ghali, Tabia akaamua kufuga funza wa nzi chuma awalishe kuku wake. Nzi huyo ni mweusi, mwembamba, wala hana haja na chakula cha watu. Funza wake hula maganda ya papai, pumba na makombo ya ugali. Wakinenepa, kuku huwagombania.

Lakini wa Tabia walibaki kama punje za mchele.

"Wamefunga hao?" alicheka Bi Mwanahija. Kisha akasema, "Mwanangu, wasipokua, kuku tuwauze. Tutawalisha nini?"

Tabia aliliinamia beseni la funza. Kuku wale ndio shughuli yake. Na moyoni alikuwa na neno jingine. Kila asubuhi mama mkwe aliwamwaga funza kwenye ungo, akalisugua beseni lao kwa sabuni na dawa ya madoa. Maganda nayo aliyamwagia maji ya moto kwanza. Bi Mwanahija ni mtu wa usafi, hata kuni huzifuta vumbi. Tabia alitamani kumwambia aliache beseni. Lakini mkwe, utaanzaje?

Siku moja Bi Mwanahija alikwenda msibani. Nyuma yake akaja Nadhira, mtaalamu wa mifugo. Ndiye aliyempa Tabia mayai ya wale nzi. Aliinama, akanusa beseni.

"Mbona linanukia kama shuka la bibi harusi?"

"Linaoshwa, dada. Kila siku."

"Na chakula?"

"Kinamwagiwa maji ya moto."

Nadhira akaketi. "Sikiliza, mdogo wangu. Tumboni mwa funza mna bakteria. Ni vijidudu vidogo, kwa macho huvioni. Vinamsaidia kusaga chakula, na vingine vinampa virutubisho. Vikipungua, anakula lakini hakui vizuri."

"Anavipata wapi?"

"Kwenye chakula chake na pale anapolala. Ninyi mnaviua kwa dawa na maji ya moto."

"Lakini tunaambiwa vijidudu huleta maradhi!"

"Vipo vya maradhi. Ndiyo maana wewe ukitoka kuwashika, nawa kwa sabuni. Banda fagia. Ila malazi yao usiyatie dawa, na chakula chao usikiunguze."

Alimpa konzi mbili za makombo aliyokuja nayo mfukoni, kutoka kwenye beseni la funza wake mwenyewe walionona. "Changanya humu. Vijidudu vimo. Na huyo anayeosha, mwambie."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Kila kulipokucha alimwekea mama mkwe chombo kingine mbele. "Mama, sufuria hii naona ina masizi." Kesho yake birika. Kesho kutwa mbuzi ya nazi. Nyumba nzima iling'aa, beseni likasahaulika; Tabia akachanganya yale makombo, na maganda akayatia mwenyewe bila maji ya moto.

Na funza wakaanza kukua. Wakajaa, wakawa wanene, weupe kama maziwa, wanajipindapinda. Tabia alipowamwaga uani, kuku walikanyagana. Hata vifaranga walikimbia na funza mdomoni, wengine wakiwafukuza nyuma.

Bi Mwanahija alishika kiuno. "Subhanallah! Wamenona kama vidole vya mtoto! Basi, kuku hatuuzi."

"Ahsante, mama."

"Ila beseni lenyewe, astaghfirullah! Lete, nilisugue. Wamestahili kulala pasafi."

Akanyoosha mkono. Tabia akalishika beseni kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Mama, nisamehe. Mle ndani mna vijidudu vinavyowakuza, na tukiosha tunaviua. Beseni hili naomba uniachie mimi mwenyewe."