Abiria wa Kiti cha Machela

Harufu ndiyo iliyomshtua Nyokabi kwanza. Mumewe Kituyi alirudi kutoka kazini jioni moja, akatundika koti lake nyuma ya mlango kama kawaida yake, na nyumba nzima ikanuka maua. Si manukato ya dukani. Yalikuwa maua yaliyofungiwa sandukuni miaka mingi, matamu ukiwa mbali, yaliyooza ukisogea.

Nyokabi alikuwa fundi wa nguo hapo mtaani Munyaka, na makoti ya watu aliyajua kama anavyojua watu wenyewe. Akaligeuza lile koti la buluu. Bega la kulia lilikuwa limelika hadi nyuzi zikaonekana, mahali ambapo Jumapili palikuwa pazima.

"Baba Ciru, siku hizi unabeba nini huko kazini?"

"Nibebe nini? Si mimi napanguza tu vumbi."

"Na hii bega?"

Kituyi hakumtazama. "Koti limezeeka. Wewe ndiye fundi, shona."

Huyo hakuwa Kituyi wa siku zote. Alikuwa mtunza vifaa katika makumbusho madogo ya usafiri, ghala la zamani kando ya reli, ambapo watoto wa shule waliletwa kuona watu walivyosafiri kabla ya lami. Kulikuwa na gari la ng'ombe la walowezi, magurudumu yake yakimzidi mtu urefu. Kulikuwa na toroli ya reli ya kuendeshwa kwa mikono, baiskeli ya tarishi, taa za stesheni. Kituyi alivipenda vitu hivyo, na wakati wa chakula bintiye Ciru alikuwa akimcheka kwa jinsi alivyovisifu. Tangu mvua zianze, alikuwa amenyamaza. Alikula vijiko vichache, akalala kwa ubavu wa kushoto tu.

Siku aliyomkuta akioga, Nyokabi aliliona bega lenyewe. Lilikuwa limevimba, jeusi, ngozi imekuwa sugu kama shingo ya ng'ombe wa kulima.

"Nilianguka," Kituyi akasema, akavuta taulo.

Nyokabi alimweleza Joy, jirani yake aliyeuza mboga. Joy akatikisa kichwa. "Mwanamume akianza kunuka maua, dada, usiulize ua. Uliza bustani."

Basi Nyokabi akaenda kuitafuta bustani. Alifika makumbusho alasiri, akapokelewa na Sylvia, msichana aliyewaongoza wageni. Alipomsalimu alimkaribia makusudi, akavuta pumzi. Alisikia sabuni na chipsi tu.

Sylvia akamvuta kando. "Mama Ciru, afadhali umekuja," alinong'ona. "Huyu mzee wako, nyumbani anakula?"

"Kwa nini unauliza kama mume wangu anakula?"

"Usikasirike. Tukifunga, anasema ako na kazi kidogo huko nyuma, anajifungia. Na mimi nasikia miguu."

"Miguu yake."

"Ya watu wengi, Mama. Wanatembea sawasawa, kama wamebeba kitu kizito."

"Na huyo mwanamke anaingilia wapi?"

"Mwanamke gani?" Sylvia akamkodolea macho. "Hakuna mwanamke. Ni tangu kile kiti kitoke Kaptagat."

Nyokabi alijiambia: anamficha. Wanamficha wote. Lakini alimfuata hadi chumba cha nyuma.

Kilikuwa kiti cha machela, kilichopatikana darini mwa nyumba ya mlowezi iliyokuwa ikibomolewa. Kiti cha henzirani chenye mto wa mahameli, na chini yake kimepitishwa mipiko miwili, ile miti mirefu ya kubebea. Kibao kilieleza kwamba wanaume wanne walimbeba abiria mmoja mabegani, kupanda milima na kuvuka mito. Penye bega la kila mbebaji palikuwa pamefungwa ngozi. Ngozi tatu zilikuwa kavu, zimepasuka. Ya nne, ya mbele kulia, ilikuwa laini, ina unyevu, na imeshika nyuzi za buluu.

Nyokabi akaugusa mto. Ulikuwa umebonyea katikati, na ulikuwa na joto.

Hata hapo alifikiria mtu. Kuna mwanamke anayekaa hapa, akawaza, na leo nitamwona. Alimwambia Sylvia aende zake, akajibanza nyuma ya gurudumu la gari la ng'ombe, pale ambapo mlango wa chumba cha nyuma ulionekana wazi.

Mvua ya alasiri ikashuka juu ya mabati. Kituyi akaja peke yake, akavua kofia kama anayeingia kwa mkubwa, akainama, akaweka bega chini ya mpiko. Akainuka, na kiti kikainuka naye, si upande wake tu bali pembe zote nne kwa pamoja, kikakaa sawa hewani huku nyuma yake hakuna mtu, na miguu ya watu wasioonekana ikaanza kukanyaga sakafu kwa mpigo mmoja, wakizunguka na kuzunguka chumba, na kila walipopita mlangoni Nyokabi aliona machozi yakimtiririka mumewe na mto ukizidi kubonyea, ukichezacheza kama unavyocheza chini ya mtu anayejiweka vizuri, na ile harufu ya maua ikaja nzito hadi akaziba mdomo kwa kitambaa chake. Halafu sauti ya mwanamke, ya upole kabisa, ikasema, "Polepole. Kuna anayetutazama."

Nyokabi alikimbia mvuani, kiatu kimoja kikabaki huko.

Kituyi alirudi nyumbani baadaye akiwa na kile kiatu mkononi. Akakiweka mlangoni. "Usirudi pale," alisema kwa sauti ndogo. "Ameuliza jina lako."

"Ulimwambia?"

Kituyi akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango.

Asubuhi Nyokabi alienda Kapseret kumtafuta Mzee Wabuge, mpasua mbao na mzee wa kanisa, ambaye watu walimwita nyumba zao zikisumbuliwa na majini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mipiko ile ni ya mbao. Akachukua msumeno wake.

Walifika wakati wa kufunga. Kituyi alikuwa tayari chini ya mzigo, akizunguka, macho yamefunguka lakini hayaoni. Mzee Wabuge akasimama mbele ya kiti.

"Kwa jina la Yesu, unaenda wapi?"

"Mbele," sauti ikajibu kutoka kwenye kiti kitupu.

"Mbele wapi?"

"Mbele tu. Wakichoka hawa, nitapata wengine."

Mzee hakuuliza tena. Alishika mpiko, akaanza kukata karibu na bega la Kituyi, akiomba kwa sauti huku meno ya msumeno yakizama, na kile kitu kikalia kama mtu anayekatwa mguu, kikalia kwa Kiswahili, kwa Kizungu, kwa sauti ya Kituyi mwenyewe, hadi mti ukavunjika na kiti kikaanguka kwa ubavu na Kituyi akaanguka juu ya sakafu.

"Mtoe nje!" Mzee akapiga kelele. "Mtoe sasa hivi!"

Nyokabi akachuchumaa, akaivuta mikono ya mumewe shingoni mwake, akambeba mgongoni. Kizingitini uzito ukaongezeka ghafla, kana kwamba amebeba watu wawili. Ni kuchoka, akajiambia, akavuka.

Waliichoma mipiko nyuma ya ghala. Harufu ikatoweka. Bega la Kituyi likapona, akarudia kula, akarudia kumsimulia Ciru habari za magurudumu. Nyokabi alimwomba Sylvia msamaha, na wakacheka pamoja.

Wiki kadhaa zikapita. Alasiri moja Nyokabi alikuwa akipeleka mjini sare alizoshona, mfuko mkononi, manyunyu yakimgonga usoni. Akajikinga chini ya mwavuli wa mama mmoja mchoma mahindi. Yule mama akamtazama, akasonya.

"Si umfunike mtoto, Mama. Hii baridi itamuua."

"Mtoto gani?"

"Huyo wa mgongoni." Mchoma mahindi akarudi nyuma hatua moja, koleo mkononi. "Na umwambie aache kunicheka."

Nyokabi hakugeuka. Aliuacha mfuko ukaanguka, na akajikuta ameinama kidogo, mikono yote miwili nyuma, kama mama anayempandisha mtoto anayeteleza.