Seva Iliamka, Kengele Ikalala

Lokwang, mlinzi wa ushirika wa wafugaji, alikuwa kifudifudi kando ya njia ya Gotu, risasi moja mgongoni, na ng'ombe aliowalinda hawapo. Simu yake ilikuwa mfukoni. Hakuna tahadhari iliyoingia.

Hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Makandi. Kila ng'ombe wa ushirika alivaa kifaa shingoni. Akitoroshwa, programu waliyoiita kengele, iliyokuwa kwenye seva ofisini Isiolo, ilipaswa kuwatumia walinzi na polisi ujumbe. Wezi walinaswa kesho yake, wakakiri kuua, wakaapa hawakuwa na mtu ndani ya ofisi. Meneja Mwongera hakusikia la mtu. Alishapata wa kumbebesha msalaba: Ntinyari, karani wa zamu, ambaye sasa alikuwa seli akingoja kushtakiwa kwa kuwasaidia wauaji.

"Alizima kengele," alisema Mwongera.

"Ulimwona?"

"Si ni yeye tu alikuwa hapo?"

Makandi alishusha pumzi. Watu wa ofisi hii walimchosha kuliko jua la Isiolo. Akaenda seli.

"Siku hiyo stima ilipotea, madam, ikarudi," alisema Ntinyari. "Nikampigia Gichunge aje aamshe kengele. Hakushika simu."

"Lazima aitwe?"

"Siku hizi, ndiyo. Zamani ilikuwa inajiwasha yenyewe."

Gichunge, fundi wa kompyuta, alimpokea Makandi ofisini kwa tabasamu.

"Ni stima tu, afande. Stima ya hapa unaijua."

"Naijua. Na nimechoka kuambiwa stima. Stima siwezi kuifunga pingu."

Makandi akazima swichi kubwa, kisha akaiwasha. Seva ikanguruma. Barua pepe zikarudi. Programu ya mishahara ikarudi. Kengele, kimya.

"Mbona hizo zimerudi zenyewe?"

"Zimepangwa zianze seva ikiwaka."

"Na kengele?"

"Hiyo iko na ugumu kidogo."

"Ntinyari anaweza kuubadilisha mpangilio wake?"

Gichunge akacheka. "Huyo? Nywila niko nayo mimi pekee. Hata meneja sijampa."

"Basi aliyeubadilisha ni wewe."

Kicheko kikamkauka.

"Wezi walikununua?"

"Hapana. Haki ya Mungu."

"Sema basi. Usinipotezee wakati."

"Mkataba wangu unaisha. Meneja alisema mitambo inajiendesha, fundi ni wa nini. Nikaitoa kengele kwa zile zinazojiwasha. Stima ikipotea wananiita, naiamsha, wananishukuru." Akainamisha kichwa. "Siku hiyo nilikuwa Kinna. Simu ya Ntinyari niliiona. Nikasema wacha wangoje kidogo, wajue mimi ni nani."

"Kuipanga ijiwashe tena ni kazi gani?"

"Ni mstari mmoja tu."

Makandi alitamani kumzaba kofi. Mtu mzima, msomi, na mwenzake kalala mochari. Akamfunga pingu, akaamuru seva isiguswe hadi mtaalamu wa polisi aikague.

Ntinyari alipotolewa seli hakumuulizia Mwongera wala kazi yake.

"Gichunge aliiona simu yangu?"

"Aliiona," alijibu Makandi.

Ntinyari akaketi sakafuni, mlango ukiwa wazi mbele yake.