Kondo la Yerko

Mizani ilikataa. Edelmira Quisbert alikuwa ameshasawazisha tyubu zake, moja ya kondo la uzazi na moja ya maji ya chumvi, maana mashine ya kuzungusha haitaki upande mmoja uzidi mwingine. Lakini kila alipogeuka kuchukua vifuniko, ya kondo ilikuwa imezidi tena.

"Umechoka, dada," Wálter, mwenzake wa maabara, akamtania. "Uzazi umekula mpaka macho?"

"Labda." Akaongeza tone la maji. Pua yake ikanasa harufu ya maziwa.

Kondo lilikuwa lake mwenyewe. Maabara hiyo ya La Paz ilitafuta vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitumia kupelekeana habari, na tishu zilikuwa adimu, kwa hiyo alipojifungua akalitoa kwa utafiti. Kulikatakata, kuliloweka kwenye kimeng'enya, kulizungusha polepole seli zishuke, kisha kwa kasi ili vifuko navyo vishuke: kazi aliyoipenda. Mama mkwe wake, doña Leocadia, alipoliomba alioshe na kulizika uani kama ilivyo desturi, Edelmira alimwambia hospitali imelitupa.

Na mtoto, Yerko, alikuwa akipungua. Ananyonya, anapungua. Madaktari hawakuona kitu.

Mashine ilipoanza kuvuma, ndani ya mvumo ule alisikia sauti nyingine, ndogo, ya midomo ikinyonya bila kupumzika, na hata mashine ilipozimwa ikasimama kabisa sauti ile iliendelea, ikatambaa chini ya meza, ikamzunguka miguuni, mpaka maziwa yakamchuruzika yakalowesha koti lake jeupe, na hapo akajua uzito wa mwanawe ulikuwa ukienda wapi.

Alikusanya tyubu zote na mabaki ya kwenye barafu, akakimbia nyumbani.

"Nilikudanganya, mama."

Doña Leocadia hakumkaripia. "Lete," akanong'ona. "Lina njaa hilo. Limekosa nyumba."

Akaliosha, akalizika na majani ya koka, akiiita roho ya Yerko kwa jina irudi. Yerko akashika titi, akanyonya kwa pupa, na Edelmira akalia kwa furaha.

Simu ikaita. Alikuwa Wálter.

"Dada, usihofu, kazi haijapotea. Vile vifuko vya kwanza nilishavipeleka kwenye maabara ya Cochabamba. Wamevimimina kwenye seli zao."

"Waambie wavirudishe."

"Virudi vipi? Seli zimeshavinywa vyote."

Yerko akaachia titi. Sauti ya kunyonya ikaendelea, ndani ya simu.