Mavi ya Chuma Chini ya Msitu

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kufika kijijini Ukata. Kila mtu alitaka shamba jipya, la kahawa au la chakula. Ildefonsi alinoa shoka.

"Nafyeka msitu wa juu," alimwambia mkewe, Dafrosa. "Shamba la chini limechoka. Udongo wa juu haujaguswa tangu dunia iumbwe."

"Na chemchemi yetu inayotoka chini ya miti ile?"

"Maji hayaishi, mama Jastini. Andaa jembe."

Kwa Wamatengo, mwanamume hulaza majani kwa miraba. Mwanamke huyafukia kwa udongo, katikati yakabaki mashimo ya ngolo yanayozuia maji ya mvua.

Ildefonsi alifyeka ukingo wa msitu, akalaza majani. Dafrosa alichimba shimo la kwanza. Jembe likalia, ngaa! Akatoa bonge jeusi, zito, na kipande cha bomba la udongo. Chini yake kulikuwa na makaa.

Akaenda kumwita bwana shamba, Othmar, akamweleza maneno ya mumewe.

"Haujaguswa?" Othmar alicheka. "Haya ni mavi ya chuma, taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Bomba hili lilipeleka hewa kwenye moto. Watu wa kale walikata miti hapa, wakachoma makaa, wakayeyusha chuma. Msitu uliwapa majembe. Miti ilipokwisha, mvua ilichukua udongo, vijito vikakauka. Ndipo wakahama. Msitu ulirudi polepole, miaka mingi, baada ya wao kuondoka."

"Sisi si wao," alisema Ildefonsi. "Chimba, mke wangu."

Dafrosa alichomeka jembe ardhini.

"Sichimbi."

"Unasemaje?"

"Laza majani mpaka mbinguni! Mimi sifukii hata unyasi mmoja. Chimba mwenyewe, kijiji kikucheke."

Ildefonsi alimgeukia mama yake, Marselina, aliyekuja kusaidia kulima.

"Usiniangalie mimi," alisema bibi huyo. "Mgongo wangu nao umekataa."

Othmar aliuliza, "Kule chini mnalima ngolo?"

"Matuta ya kushuka na mteremko," alijibu Ildefonsi. "Ni ya haraka."

"Basi udongo wenu uko mtoni. Shamba halikuchoka. Mmeliacha wazi."

Walirudi chini. Ildefonsi alilaza majani, wanawake wakafukia. Msimu wa pili mahindi yalimzidi mtu kimo. Kiangazi kilipokausha vijito vya jirani, chemchemi yao iliendelea kutiririka.

Jirani yao Meshack alikuja na ndoo kuchota maji.

"Ildefonsi, ule msitu bado hamjaufyeka?"

"Muulize mwenye jembe."

Dafrosa hakuinua hata kichwa.

"Sichimbi."