Mama Gundi na Mlango wa Nyumba Yetu

Hata leo nikisikia harufu ya gundi ya karatasi, nakumbuka chumba kidogo nyuma ya shule yetu ya msingi. Zamani kilikuwa stoo ya majembe. Ndani mlikuwa na meza moja, viti viwili vya kimo kimoja na rundo la vitabu vilivyochanika. Kila Jumanne mama mmoja mnene alifika na baiskeli yake, akafungua kufuli, akakaa humo mpaka kengele ya mwisho. Sisi watoto tulimwita Mama Gundi.

Kazi yake ilikuwa mshauri wa wanafunzi. Wilaya yetu ilikuwa ndogo, ya mashamba na vumbi, na mshauri alikuwa huyo huyo mmoja kwa shule zote. Hakushika chaki wala kiboko. Mwanzoni watu hawakumwelewa. Walisema chumba kile ni cha watoto walioshindikana. Mtoto akionekana anaingia mchana, jioni majirani wote wameshajua.

Ndipo akabuni ujanja wake. Alianza kuwaita watoto wamsaidie kubandika vitabu. Leo aliitwa mkorofi, kesho aliitwa mtoto wa kwanza darasani. Basi hakuna aliyejua nani ameitwa kwa shida na nani kwa gundi tu. Na mtoto akiwa na kazi mikononi, macho yake yakiwa kwenye kitabu, mdomo hufunguka wenyewe.

Nyumbani tulikuwa watano. Baba alikuwa fundi seremala, kibanda chake cha kazi kikiwa uani. Mama alishona nguo. Bibi, mama yake Baba, alipenda soga kuliko chakula. Mdogo wangu wa kike tulimwita Chiriku, kwa sababu hakunyamaza hata akiwa anakula. Mimi nilikuwa dada mkubwa, na kazi yangu ilikuwa kumwambia Chiriku anyamaze.

Bibi na Chiriku walilala kitanda kimoja, chumba cha mbele, karibu na mlango. Baba alipenda kufunga mlango mapema na kutia komeo. Bibi naye alikuwa kwa majirani, na soga zake hazikujua saa. Akirudi aligonga kwa ukucha, polepole, asije akamwamsha Baba. Sisi wengine tulikuwa tumelala fofofo. Chiriku peke yake ndiye aliyesikia. Alishuka kitandani, akaondoa komeo, kisha wakacheka pamoja chini ya shuka.

Asubuhi Baba alimwuliza Bibi alirudi saa ngapi.

"Mapema tu, mwanangu," Bibi alijibu. "Ulikuwa unakoroma, hukunisikia."

Sote tulijua kwamba anatudanganya. Baba pia alijua. Siku hizo nazitamani mpaka leo.

Kisha Bibi akaugua ghafla, akafa. Wakati huo Chiriku alikuwa darasa la kwanza. Siku ile ile alipelekwa kwa mama mdogo, kijiji cha mbali kidogo, asiuone msiba. Aliporudi, wageni walikuwa wameondoka na uwanja umefagiliwa. Akauliza Bibi yuko wapi.

"Bibi amesafiri," Baba alisema.

Mama aliangalia chini. Mimi nilikuwa nimekanywa nisiseme neno. Walifanya hivyo kwa upendo, maana waliona mtoto mdogo hataweza kuubeba uchungu ule. Tangu hapo jina la Bibi halikutajwa tena nyumbani. Hata mlango wetu, ambao ulilia kila ulipofunguliwa, Baba aliupaka mafuta kwenye bawaba. Ukawa kimya.

Chiriku akabadilika. Darasani alichapa usingizi. Mwalimu alimsimamisha ili asilale, akasinzia akiwa amesimama. Akasahau hata herufi alizokuwa amezijua vizuri. Nyumbani alinyamaza, nami nikagundua kwamba nyumba yetu haikaliki bila kelele zake. Mama alidhani ana minyoo, akampa dawa. Baba alidhani ni uvivu. Mwishowe akakata shauri. Muhula ukiisha, Chiriku angetolewa shuleni, aende kwa mama mdogo kumsaidia kulea mtoto.

"Shule imemshinda," Baba alisema. "Tusimtese bure."

Mama alilia jikoni, nami nililia naye. Nilijua wasichana waliotolewa shule namna ile. Hakuna hata mmoja aliyerudi.

Bahati nzuri mwalimu wa darasa alimweleza Mama Gundi. Jumanne ikafika, na Chiriku akaitwa kubandika vitabu. Yaliyosemwa humo ndani alinisimulia mwenyewe alipokuwa mkubwa.

Mama Gundi hakumwuliza kwa nini anasinzia. Alimpa brashi ya gundi. Kitabu cha kwanza walikibandika kimya kimya. Walipofika cha pili, Mama Gundi akamwuliza nyumbani analala na nani.

"Nilikuwa nalala na Bibi."

"Na sasa?"

"Sasa silali. Namsubiri."

Akaeleza taratibu. Bibi amesafiri. Akirudi atagonga kwa ukucha, na hakuna mwingine anayemsikia. Mlango nao siku hizi haulii, kwa hiyo ni lazima asikilize sana. Akilala, Bibi atabaki nje kwenye baridi.

Mama Gundi aliweka brashi chini. Hakumwambia ukweli palepale, kwa kuwa aliona maneno hayo yanafaa yatoke kwa wazazi. Alimshukuru kwa kumwamini. Kisha akamwomba ruhusa ya kuwaeleza baba na mama yake. Chiriku akafikiri kidogo.

"Waambie," alisema. "Lakini wasimfungie nje."

Baba alipoitwa shuleni, alivaa koti lake la harusi akaenda roho juu, akijua anakwenda kugombezwa. Mama Gundi alimkaribisha kiti. Akampa kitabu kilichoachana na jalada lake, amshikie wakati anapaka gundi. Baba alivumilia kwa muda, kisha ufundi ukamzidi.

"Mwalimu, samahani. Gundi hii umeimwaga. Ikikauka, kitabu kitavimba."

"Basi nionyeshe, fundi."

Baba akavua koti. Akafuta gundi iliyozidi, akanyoosha jalada, akakibana kitabu kwa viganja viwili. Hapo ndipo Mama Gundi alipomweleza yote. Gundi ilikauka, na Baba bado amekibana kitabu.

"Nilitaka kumwepusha na uchungu," alisema baadaye.

"Najua. Lakini uchungu anao, ila anaubeba peke yake."

"Nitamwambiaje? Mimi mwenyewe siwezi kumtaja. Ule mlango niliupaka mafuta kwa sababu kila ukilia, nilidhani ni mama yangu anaingia."

Machozi yakamtoka. Mama Gundi hakumwambia ajikaze. Alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akamweleza la kufanya. Mtoto asiambiwe kwamba marehemu amesafiri, maana atamsubiri. Asiambiwe kwamba amelala, maana ataogopa kulala. Aambiwe amekufa. Aelezwe kwamba mwili wa Bibi umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi wala njaa, na hawezi kurudi. Aambiwe pia kwamba si kosa la mtu. Ataliuliza swali lile lile tena na tena, na ajibiwe vile vile bila kukemewa. Akiwaona wazazi wanalia, si vibaya. Atajua kwamba kulia kunaruhusiwa. Na Bibi atajwe nyumbani, achekwe kama alivyokuwa akichekwa.

"Na shule je?" Baba aliuliza.

"Mwanao si mvivu, fundi. Usiku anafanya kazi ya mlinzi, mchana anakuja kusoma. Wewe ungeweza?"

Baba akacheka huku anapangusa macho. Mama Gundi akaahidi kuzungumza na mwalimu wa darasa, ili Chiriku aachwe apumzike kidogo akichoka. Yeye mwenyewe angeendelea kumwona kila Jumanne.

Jioni ile Baba alimketisha Chiriku kwenye kitanda cha Bibi. Mama alikaa upande wa pili, nami nikasimama mlangoni. Baba alianza, sauti ikakatika, akaanza upya. Alisema Bibi amekufa. Alieleza kama alivyofundishwa. Chiriku aliuliza kama Bibi anasikia baridi.

"Hapana. Hasikii baridi."

"Hatagonga?"

"Hatagonga tena, mwanangu."

"Kwa hiyo nisimsubiri?"

"Usimsubiri. Wewe lala. Mlango nitafunga mimi."

Chiriku alilia sana. Sote tulilia. Baadaye Mama akaigiza sauti ya Bibi, "Mapema tu, mwanangu," na Baba akacheka mpaka akashika mbavu. Tulikuwa hatujacheka hivyo tangu msiba. Chiriku alilala palepale mapajani kwa Mama, na jua lilimkuta bado amelala.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Kuna siku alizinduka usiku akamwita Bibi. Maswali yake yalikuwa hayaishi. Baba alimpeleka kaburini, wakapanda maua, wakarudi wameshikana mikono. Muhula ulipoisha, Chiriku hakwenda popote. Alikuwa anasoma sentensi nzima, tena kwa sauti ya kutuziba masikio. Nikarudi kwenye kazi yangu ya kumwambia anyamaze, lakini sikuifanya kwa bidii kama zamani. Baba naye alimtengenezea Mama Gundi rafu ya vitabu, na kila alipopita shuleni aliikagua gundi yake.

Miaka imekwenda. Mama Gundi alistaafu, na siku hizi shule yetu ina mshauri wake wa kila siku. Mwaka huu Baba amekufa. Nasema amekufa, ndivyo tulivyofundishwa. Nyumba ile ile ilijaa wageni. Binti yangu mdogo akauliza Babu yuko wapi, na mgeni mmoja, mtu mwema kabisa, akawahi kumwambia Babu amesafiri.

Chiriku alikuwa anamimina chai. Akaliweka birika chini, akamshika mtoto mkono, akamketisha kwenye kitanda kile cha chumba cha mbele. Akamwambia kwa maneno mepesi kwamba Babu amekufa na hatarudi. Mtoto akalia, akauliza haya na yale. Mwisho akauliza sasa usiku nani atafunga mlango, maana ilikuwa kazi ya Babu.

Chiriku akanitazama, macho yamejaa machozi.

"Wewe lala," alimwambia. "Mlango nitafunga mimi."