Kibao cha Dokta Asmahani

Duka la Mzee Abdulrahmani lilikuwa karibu na soko la Kibondo. Aliuza chumvi, sabuni, betri, viberiti na madaftari. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alifungua milango, akafagia kibaraza, akawasha redio. Watu walimjua kwa mambo mawili: hapunguzi bei, na hachoki kumtaja binti yake.

"Asmahani wangu yuko chuo kikuu," alimwambia kila mteja, hata wa kiberiti kimoja. "Mwaka wa pili sasa. Anasomea udaktari."

Nyuma ya magunia ya chumvi mzee alificha kitu. Kilikuwa kibao kikubwa cha mbao, cheupe, chenye maandishi ya buluu: DKT. ASMAHANI. WAGONJWA WOTE KARIBUNI. Alikichoresha Kasulu siku alipokwenda kufuata bidhaa. Wakati huo binti hakuwa amemaliza hata mwaka wa kwanza! Mkewe, Mama Kuruthumu, alipokiona alishika kiuno.

"Baba Asmahani, unakata mbeleko na mwana hajazaliwa?"

"Huyu wangu keshazaliwa zamani," mzee akajibu. "Ana miaka ishirini na mbili."

Likizo ikafika. Asmahani akarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi, kabla hajamaliza chai, Pasikali aliingia dukani akichechemea. Pasikali alikuwa fundi baiskeli wa jirani. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitenge, umevimba, na kidonda kilinuka.

"Nimesubiri siku nne," Pasikali alisema. "Mzee aliniambia nisihangaike. Daktari wake yuko njiani."

Mzee Abdulrahmani akatabasamu. Akamvutia binti yake kigoda. Lakini Asmahani hakukaa. Alitazama mguu, kisha akamtazama baba yake.

"Kaka Pasikali, nenda kituo cha afya leo hii. Mimi sijui kutibu."

"Hujui?" mzee alishangaa. "Mwaka wa pili, na mguu hujui? Sasa mwaka wa kwanza mlifundishwa nini?"

Asmahani aliinamisha kichwa. Alisema polepole, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Baba, mimi sisomei udaktari. Nasomea shahada ya sayansi, baiolojia. Udaktari niliomba, sikuchaguliwa. Nafasi zilikuwa chache na waombaji wengi. Nikachaguliwa huku. Nilipokupigia simu ulifurahi mno, ukaanza kuwaambia watu. Nikaona haya kukukatisha."

"Kwani baiolojia si mwili wa mtu?"

"Ni mwili wa mtu, baba. Na wa chura. Na wa mgomba."

"Mgomba!"

Mzee aliketi juu ya gunia. Aliona aibu mbele ya Pasikali. Aliumia kwamba mwanawe alikaa kimya miaka miwili. Lakini zaidi ya yote alichanganyikiwa. Mtu yuko chuo kikuu, anasoma mwili, na si daktari. Sasa ni nani?

"Bado unautaka udaktari?" akauliza mwishowe.

"Nautaka sana. Lakini sijui njia. Nilidhani nikimaliza shahada nitahamia tu. Wenzangu chuoni, mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile."

"Njia haiwezi kukosekana," mzee akasema. Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuuliza.

Alianza kwa Lukmani, kijana wa steshenari anayewajazia watu fomu kwenye kompyuta. "Aache chuo leo," Lukmani alisema bila kuinua macho. "Aanze moja." Mzee akampigia simu binamu yake Mansuri, aliyeko Kigoma mjini. "Usihangaike, kaka. Kuna mtu namjua ataliingiza jina lake kimyakimya." Njiani akakutana na Bazilio, muuza maharage. Bazilio akatikisa kichwa. "Mwenye shahada hapokelewi tena kokote. Imekula kwake."

Kila mlango ulikuwa na jibu lake. Mzee alirudi dukani kichwa kikimzunguka. Mteja akaomba sabuni, akapewa chumvi.

Mama Kuruthumu akamtazama. "Umemuuliza muuza karatasi, mtu wa simuni na muuza maharage. Anayetibu wagonjwa umemuuliza? Na huyu Pasikali bado amekaa hapo kibarazani, mguu unaoza."

Kweli! Walikuwa wamemsahau. Wakampakia Pasikali kwenye baiskeli yake mwenyewe. Mzee akasukuma, Asmahani akashika nyuma, wakaenda naye kituo cha afya.

Afisa tabibu aliyewapokea aliitwa Claudine Nizigiyimana. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, wakalima huko Murungu, na leo ni raia kama wengine. Alikisafisha kidonda, akakifunga, akaandika dawa. Kisha akakunja uso.

"Siku nne, Pasikali! Kidonda hiki kingeweza kukuondolea mguu. Nani alikwambia usubiri?"

Pasikali akamtazama mzee. Mzee akatazama dari.

Pasikali alipotoka kufuata dawa, Mzee Abdulrahmani akakohoa. "Mama tabibu, mwenye kosa ni mimi. Na bado nina swali. Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu."

Alieleza yote. Tabibu Nizigiyimana alicheka kidogo, lakini kwa upole.

"Mzee wangu, huyo wa kuingiza jina, mkimbieni. Nafasi ya chuo haipatikani uchochoroni. Binti akigundulika atapoteza hata alicho nacho. Na chuo asiache. Amekwisha kula ng'ombe mzima, mkia haumshindi."

"Kwa hiyo mwenye shahada anapokelewa?"

"Inategemea chuo. Kuna vyuo vinavyompokea mwenye shahada ya sayansi, na kuna visivyompokea. Vinavyompokea vinatazama pia kidato cha nne na cha sita. Fizikia, kemia, baiolojia, yote yanaangaliwa. Mimi mwenyewe nilipitia diploma ya utabibu, hiyo nayo ni njia. Usiniamini mimi, usimwamini Lukmani. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka. Kiko mtandaoni. Kisome cha mwaka unaoomba, maana masharti hubadilika. Palipo na utata, wasiliana na chuo chenyewe."

Alimgeukia Asmahani. "Chuoni unasoma biokemia?"

Asmahani alisita. "Ni ya hiari. Niliikwepa, tabibu. Wengi wanafeli."

"Usikimbie somo gumu ambalo kesho utalihitaji. Nenda kachukue, utafute na wenzako wa kusoma nao. Na walimu wako, yuko anayekujua kwa jina?"

"Darasani tuko mia tatu, tabibu."

"Basi kamtembelee mwalimu ofisini. Uliza maswali. Kuna vyuo vitakutaka barua ya mtu anayekufahamu. Asiyekujua atakuandikia nini?"

"Hapo nimeelewa," mzee akadakia. "Huwezi kumdhamini mtu usiyemjua."

"Eee, mzee wangu! Na jingine. Binti, umewahi kukaa na mgonjwa siku nzima?"

Asmahani akakiri kwamba hajawahi.

"Watu wengi wanaupenda udaktari kwa mbali. Nitakuombea ruhusa kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo hiki, ujitolee hapa likizo hii. Hutagusa sindano wala dawa. Utaona kazi ilivyo. Ukiona haikufai, kuna maabara, kuna famasia, kuna lishe, kuna uuguzi. Afya si daktari peke yake."

Jioni ile Mzee Abdulrahmani alikitoa kibao nyuma ya magunia. Akakigeuza. Maandishi ya buluu yakatazama ukuta. Kwa nyuma, penye ubao mtupu, akaandika kwa chaki: MWONGOZO. BIOKEMIA. BARUA. KUJITOLEA. Halafu akasimama akiyasoma. Kwa kweli bado hakuyaelewa yote. Lakini sasa alijua asichokijua.

Asmahani akaanza kujitolea. Wiki moja baadaye, Bazilio alipita dukani na habari. "Mzee, nimemwona dokta wako. Anapanga mabenchi."

Mzee aliruka. Binti wa chuo kikuu, anapanga mabenchi! Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kituo cha afya kulalamika.

Barazani alimkuta daktari kijana aliyehamishiwa hapo kutoka Tanga. Alikuwa akipita haraka kwenye foleni kuona nani ana hali mbaya. Alimfikia bibi mmoja wa Kiha aliyejifunga mgolole.

"Habari yako, bibi? Unasumbuliwa na nini?"

"Amahoro," bibi alijibu. Yaani ni amani, ni salama.

"Vizuri," daktari akasema, akaenda kwa mwingine.

Mzee Abdulrahmani alitaka kucheka. Huyu mgeni! Mha ukimsalimu atakwambia amahoro hata kama nyumba inaungua. Salamu kwanza, shida baadaye. Na salamu yenyewe ni ndefu.

Ndipo akamwona Asmahani. Aliacha benchi alilokuwa akilisogeza, akapiga goti mbele ya bibi, akapiga makofi polepole, kama Waha wanavyosalimu.

"Mwakeye, bibi."

"Mwakeye, mwana."

Akamuuliza habari za wajukuu. Amahoro. Akamuuliza habari za mbuzi. Amahoro. Maharage je, mvua imeyaharibu? Kidogo tu. Na njia aliyokuja nayo? Ndefu. Na usingizi je? Hapo bibi akamshika Asmahani mkono, akamvuta karibu, akamnong'oneza sikioni.

Asmahani akainuka. Hakukimbia, lakini hakuchelewa. Akamwongoza bibi taratibu mpaka mlango wa Tabibu Nizigiyimana, akaingia naye.

Alipotoka alimkuta baba yake amesimama.

"Amesema nini yule bibi?" mzee aliuliza.

"Baba, ya mgonjwa hayatoki nje."

"Hata kwa baba yako?"

"Hata kwako. Bibi ameniamini mimi."

Mzee alikuja kugomba, na sasa hakukumbuka alichotaka kugombea. Alisikia fahari ikimjaa kifuani hadi macho yakalowa. Basi akalishika benchi upande mmoja. "Linakwenda wapi hili?" Wakalibeba pamoja.

Likizo ikaisha, Asmahani akarudi chuoni. Alichukua biokemia. Jaribio la kwanza alishindwa, akalia simuni. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," baba yake akamwambia. Akatafuta wenzake wanne wa kusoma nao. Jaribio la pili akapita. Kila Ijumaa mzee alipiga simu akiwa mbele ya kibao, chaki mkononi.

"Biokemia?"

"Inakwenda, baba."

"Barua?"

"Mwalimu ananijua sasa. Jana aliniita kwa jina langu."

Likizo iliyofuata alijitolea tena. Alipomaliza shahada, wakakaa dukani yeye na baba yake, wakaufungua mwongozo wa mwaka ule kwenye simu. Mzee alivaa miwani akasoma kila mstari kwa sauti. Katika vyuo vitano walivyovitaka, viwili havikumpokea mwenye shahada kama yake. Kimoja kilitaka fizikia ya kidato cha sita iliyo juu kuliko ya Asmahani. Iliuma. Asmahani alifuta machozi, akavifuta na vyuo hivyo. Wakabaki na viwili vya udaktari, wakaongeza kimoja cha famasia. Akaomba mwenyewe, kwa jina lake, kwa vyeti vyake.

Chuo kimoja kikamwita kwenye usaili. Wakamuuliza kwa nini anataka kuwa daktari. Hakusema kwamba anapenda kusaidia watu, ingawa ni kweli. Alisimulia habari ya mgonjwa mmoja, bila kumtaja jina wala ugonjwa, aliyesema amani hali ana shida, na jinsi ilivyobidi kumngoja.

Ujumbe uliingia simuni asubuhi, redio ikisoma taarifa ya habari. Asmahani alisoma mara mbili. Kisha akampa baba yake naye asome.

Amechaguliwa. Udaktari.

Mama Kuruthumu alipiga vigelegele mpaka wauza ndizi wakaacha ndizi zao. Pasikali alikuja mbio, mguu wake mzima kabisa. Bazilio naye akaja, mkono mmoja umefungwa kitambaa.

"Mzee, toa kibao!" Pasikali alipaza sauti. "Leo kitundikwe!"

Mzee Abdulrahmani alikwenda ukutani, akakileta kibao. Watu wakapiga makofi. Lakini hakukigeuza. Alichukua kitambaa kibichi, akafuta chaki yote, neno baada ya neno. Kisha akaandika upya, kwa herufi kubwa: MIAKA MITANO. BADO. Akakirudisha ukutani vilevile, buluu ikitazama ndani.

Asmahani alicheka huku analia.

Bazilio akasogea karibu, akaunyoosha mkono wake uliofungwa. "Basi, mzee, kwa kuwa daktari wetu yupo, anitazamie tu hapa. Niliungua jana."

Mzee Abdulrahmani alisimama katikati yao. Akavaa kofia.

"Si daktari," alisema. "Ni mwanafunzi. Panda baiskeli, nakusukuma kituo cha afya sasa hivi."